Kaseti za marehemu baba: safari za treni Uingereza 1988, nisaidieni kujua hapa ni wapi

Binti wa Ilala
Wakuu habari za usiku, shikamooni mnaostahili. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie.

Marehemu baba yangu alipelekwa kusoma Uingereza mwaka 1988, mji wa Leeds, mambo ya uhandisi wa maji, akakaa mwaka na miezi kadhaa. Alirudi na makoti mawili ambayo hapa Dar sijui alitegemea kuyavaa siku gani, redio moja, na kamera ya vidio aliyoinunua mkononi kwa mtu. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga vitu vya mama tukafungua sanduku la bati la uvunguni, tukakuta kaseti sita ndogo ndogo, ukubwa wa pakiti ya sigara, zimeandikwa kwa mkono wake TRENI 1 mpaka TRENI 4, mbili hazijaandikwa kitu. Kaka akapeleka mbili kwa fundi mmoja hapa mjini. TRENI 1 ikarudi imekatika na utepe umekunjamana kama kamba ya kiatu, fundi akasema ilikuwa hivyo hivyo toka inakuja. TRENI 2 ikatoka, lakini amerekodi kwa kushika simu mbele ya tivii, mpaka kivuli cha feni kinaonekana kinazunguka juu ya picha.

Hiyo TRENI 2 nimeiangalia sijui mara ngapi. Jamani hakuna kinachotokea humo. Ni dirisha, mvua inatiririka kwa ubavu kwenye kioo, kondoo, kuta za mawe zinapanda mlima mpaka juu kabisa na hakuna mti hata mmoja. Mlango unafungwa pwaa, kipenga, treni inaondoka. Kuna mama anacheka nyuma, kuna kikombe kinagonga sahani kila behewa likiyumba. Baba mwenyewe haonekani, ila kuna sehemu mkono wake unapita mbele ya lenzi anafuta ukungu kwenye kioo, anaufuta kwa mkono wa sweta la kijani ambalo mama alimfumia kabla hajasafiri. Nilipoliona lile sweta nilizima nikatoka nje kukaa barazani.

Uingereza sijawahi kufika wala sina mpango, lakini nasikia hamu ya hiyo treni kama vile niliwahi kupanda nikiwa mtoto halafu nikasahau. Sijui kama kuna mwingine imemtokea.

Sasa naomba kujua hapa ni wapi. Bango la stesheni linapita haraka naona herufi za mwisho tu, TLE. Baadaye kidogo treni inapunguza mwendo sana inapita daraja refu la mawe, limepinda kiasi kwamba unaona matao yake kwa mbele, halafu haichukui muda kunakuwa giza totoro. Humo gizani baba anaongea, Kiswahili kabisa, anasema "mama watoto..." halafu kelele za treni zinameza yote mpaka mwanga unarudi. Nataka nijue alisema nini. TRENI 3 na 4 sijathubutu kumpa fundi mwingine yeyote.

Natanguliza shukrani.

Kipara Ngoto
TLE hiyo ni Newcastle dada, haina mjadala. Mji wa madaraja ule. Pole sana kwa kumpoteza mzee.

Mpenda Reli Tabata
Mkuu Kipara hapana, samahani. Newcastle ukiingia kutokea kusini unavuka mto Tyne kwa daraja la chuma lile la King Edward VII la 1906 na pande zote ni mji, majengo tu. Dada amesema kondoo, kuta za mawe, milima haina miti, daraja la mawe limepinda, halafu giza. Hiyo ni SETTLE. Herufi za mwisho TLE vilevile.

Binti wa Ilala mimi hizi vidio ndio ugonjwa wangu, kila usiku watoto wakilala naweka YouTube naangalia treni za Uingereza za miaka ya sabini na themanini zilizorekodiwa na watu wa kawaida, kwahiyo nisome taratibu. Njia hiyo inaitwa Settle hadi Carlisle, maili 72, kama kilomita 116, inapita milimani kaskazini mwa Uingereza, na mtu akitoka Leeds kwenda Carlisle anapita hapo hapo. Daraja uliloliona ni Ribblehead, matao 24, urefu kama mita 400, lina kimo cha mita 32 hivi, lilijengwa miaka ya 1870 na vibarua waliokuwa wanaishi kwenye vibanda pale pale kwenye matope na baridi na wengi walikufa kwa ajali na magonjwa. Treni kupunguza mwendo pale ni sahihi kabisa, daraja lilikuwa limechoka na mwaka 1985 waliondoa njia moja ikabaki moja ili lisibebe treni mbili kwa pamoja. Na lile giza ni handaki la Blea Moor, kama kilomita 2.4. Ukitoka tu, stesheni inayofuata ni Dent, ndiyo iliyo juu kuliko stesheni zote za njia kuu za England (Scotland usiihesabu), mita 350 kutoka usawa wa bahari.

Lakini kuna kitu ambacho nadhani hukijui. Mwaka huo 1988 baba yako anapita pale, njia ile ilikuwa imetangazwa kufungwa. Serikali na shirika lao la reli walisema kutengeneza lile daraja ni gharama kubwa mno. Watu wakagoma, wakaandika pingamizi zaidi ya 22,000, na moja katika hizo ilikuwa ya mbwa! Sitanii, mbwa anaitwa Ruswarp, alikuwa analipiwa nauli kama abiria kwahiyo alama ya mguu wake ikakubaliwa, leo ana sanamu yake kwenye stesheni ya Garsdale. Watu wakaanza kujazana kwenye hizo treni kuaga, kila mtu na kamera. Mwezi wa nne 1989 serikali ikatangaza haifungi. Mpaka leo inafanya kazi.

Kwahiyo ule umati unaousikia behewani, yule mama anayecheka, wengi wao walikuwa wanaamini hii ni mara ya mwisho. Na mzee naye alikuwa humo na kamera yake. Huenda alijua, huenda mtu alimwambia palepale kwenye kiti.

Ile pwaa ya mlango pia wenzetu wanailia sana. Mabehewa ya zamani milango ilikuwa ya kufunga kwa mkono, na mingi ukitaka kushuka unateremsha kioo unatoa mkono nje unafungua kitasa cha upande wa nje. Stesheni ikiwa na watu wengi unasikia milango inajibizana kuanzia mbele mpaka nyuma ndipo gadi anapiga kipenga. Sasa hivi ni vitufe vinalia pii pii basi.

Hizo TRENI 3 na 4 kama kuna safari ya London sikiliza mlio wa kichwa chenyewe. Kama ni ile iliyochongoka pua basi ni InterCity 125, ilianza kazi 1976, dizeli, inakwenda kilomita 200 kwa saa. Injini zake za mwanzo zilikuwa zinalia kama chuma kinapigishwa mluzi, ukiisikia mara moja huisahau. Zile injini zilikuja kubadilishwa na mluzi ukaisha, na London Paddington treni hizo ziliaga safari ndefu mwezi wa tano 2019, watu wazima wanalia kwenye majukwaa. Nimeangalia hizo vidio zote.

Binti wa Ilala
Mpenda Reli sijui nikuambie nini. Nimesoma kwa sauti mama akiwa pembeni. Hilo la njia kutaka kufungwa hakuwahi kulisema nyumbani. Mama anasema aliandika barua moja tu kuhusu treni, kwamba anapanda Jumamosi kwa sababu kule chumbani ni kimya sana na humo ndani kuna watu.

Fundi Kanda Kariakoo
Naomba kaseti zilizobaki zisiguswe na mtu mpaka usome hapa.

Hizo kwa maelezo yako ni VHS-C. Utepe wake ni uleule wa kaseti kubwa za VHS ila umewekwa kwenye kasha dogo, zinaingia kwenye adapta ukubwa wa kaseti ya kawaida halafu ndio deki inaicheza. Adapta mbovu ndizo zinakula utepe, naona ndicho kilichoipata TRENI 1. Usiitupe. Utepe ukikatika unaungwa, unapoteza sekunde chache tu, nyingine yote inabaki.

Cha kwanza fungua kile kifuniko cha mbele taratibu uangalie kwa tochi. Ukiona unga mweupe pembeni mwa mzingo huo ni ukungu, joto la Dar na unyevu wa uvunguni miaka thelathini na zaidi lazima utakuwepo. Kaseti yenye ukungu HAICHEZWI, inachafua vichwa vya deki halafu deki inachuna kaseti zote zinazofuata. Inasafishwa kwanza kwa mkono. Cha pili kila kaseti ina kipande kidogo cha kuzuia kurekodi juu yake, hakikisha kimezuia. Nimeshaona mtu amefuta harusi ya wazazi wake kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Halafu achana na mambo ya simu mbele ya tivii. Deki inatoa waya tatu, njano ni picha, nyeupe na nyekundu ni sauti, zinaingia kwenye kifaa kidogo cha USB kwenda kwenye kompyuta. Bahati nzuri Uingereza na sisi mfumo ni mmoja, PAL, mistari 625 na picha 25 kwa sekunde, kwahiyo kaseti ya Leeds inacheza kwenye deki ya Kariakoo bila shida, ingekuwa imetoka Marekani tungeongea mengine. Ukishaingiza usiibane ikawa faili dogo kwa ajili ya WhatsApp, weka ile kubwa kwenye diski mbili tofauti, moja ikae kwa kaka yako.

Sauti ya gizani tutaipata. Simu iliposhikwa mbele ya tivii ilibeba kelele za chumba kizima pamoja na feni. Sauti ya mzee ipo karibu na kamera kuliko magurudumu, kwenye utepe wenyewe itakuwa juu zaidi ya unavyoisikia sasa. Njoo inboksi, na uje mwenyewe na kaseti usimtume bodaboda.

Chalinze Mwisho wa Lami
Mimi nitasema tofauti na sikuvunjii heshima dada yangu, baba ni baba. Ila naona humu tunaingia kwenye kulilia treni za watu. Reli ya kati ilianza kujengwa hapa Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, babu zetu wamebeba mataruma, baba zetu wamesafiri daraja la tatu siku mbili na zaidi wamekaa juu ya magunia. Nani humu ana vidio ya treni ya Kigoma ya 1988? Nani ana sauti ya wauza kuku wa Saranda usiku na vibatari vyao? Wenzetu kila kona ya reli yao kuna mtu alisimama na kamera, sisi tunaangalia ya kwao ndio tunapata uchungu. Hilo linaniuma kuliko hiyo Settle.

Mzee wa Kota Gerezani
Marahaba wote mliosalimia. Chalinze kijana wangu umesema kweli na usiombe radhi. Nimezaliwa kota za reli Gerezani na nimefanya kazi relini mpaka nimestaafu, na picha niliyonayo ya kazi yangu yote ni moja, tumesimama watu tisa mbele ya karakana, na mimi nimefunikwa na mtu mrefu. Kamera ilikuwa kitu cha nani? Bara tivii yenyewe tumeanza kuiona 1994.

Ila hizo treni usizigawe sana kwao na kwetu. Vile vichwa vikubwa vya mvuke vya reli ya Afrika Mashariki, Class 59, vilitengenezwa Manchester na Beyer Peacock, 34 vyote, 1955 na 1956, na kila kimoja kilipewa jina la mlima wa huku kwetu. Viwili vipo makumbusho ya reli Nairobi mpaka leo, kimoja Mount Gelai na kingine Mount Shengena. Gelai ipo kule Ziwa Natron, Shengena ipo Upare. Chuma cha Manchester kimebeba jina la Upare, sasa hiyo utasema ya nani.

Binti wa Ilala, mwanangu, nikupe kazi ndogo. Kwenye mkanda wa baba sikiliza ile ta-tak, ta-tak, ta-tak. Reli za zamani zilikuwa vipande vipande, kila kiungio kimeachiwa nafasi kidogo ili jua likiwaka chuma kiwe na pa kutanukia, na gurudumu likipita pale linagonga. Siku hizi wanaunganisha kwa kuchomelea, ndiyo maana ukipanda hii SGR yetu hausikii kitu, unateleza tu. Vipande vya Uingereza vya kawaida vilikuwa futi 60, mita 18.3 hivi. Chukua saa, hesabu hizo ta-tak kwa sekunde 66, idadi utakayopata ndiyo kilomita kwa saa. Ta-tak moja ihesabu moja. Ukitaka kuhakikisha, pima na muda wa giza la handaki, mwenzetu wa Tabata ametupa urefu wake.

Tulikuwa tunafanya hivyo usiku ndani ya behewa la gadi, kwa hesabu ya reli zetu lakini, kwa sababu taa hakuna na usingizi hauruhusiwi.

Kipara Ngoto
Shikamoo mzee. Na dada samahani kwa Newcastle.

Binti wa Ilala
Shikamoo mzee wangu, nimefanya. Nimetumia simu ya mwanangu kama saa. Giza ni sekunde 104. Kilomita 2.4 gawa kwa hizo inakuja kama 83 kwa saa. Halafu nikahesabu ta-tak baada ya kutoka gizani, nimerudia mara tatu kwa sababu yule mama anayecheka ananivuruga, nimepata 81, 80, 82. Mzee imekubali! Nimekaa hapa sebuleni saa saba usiku najua baba yangu siku ile alikuwa anakwenda kilomita themanini na kitu kwa saa.

Na Chalinze sijachukia hata kidogo. Baba angekubaliana na wewe, alikuwa mtu wa Makambako, Tazara ndiyo ilikuwa treni yake.

Mpenda Reli Tabata
Hapo kwa Chalinze niongeze. Wale Waingereza wanaorekodi hawakuanza kwa sababu wana kamera nyingi, walishaumia. Mwaka 1963 ilitoka ripoti ya Beeching, mkuu wa shirika lao la reli, iliyotaka kufunga stesheni zaidi ya 2,000 na njia kama maili 5,000, na sehemu kubwa zikafungwa kweli, 1968 mvuke ukaisha kwenye reli kuu. Mtu aliyeona stesheni ya kijijini kwao inang'olewa ndiye anayerekodi hata mlango ukifungwa. Nasi reli yetu ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ipo bado inatembea, hatujachelewa.

Chalinze Mwisho wa Lami
Sawa nimeelewa. Mwezi ujao nakwenda Tabora msibani kwa shangazi, nitapanda ile ya zamani sio basi. Simu itakaa dirishani kuanzia Saranda, na sitaongea.

Mzee wa Kota Gerezani
Ongea mwanangu. Wewe ongea.

Binti wa Ilala
Wakuu narudi na mrejesho, ni wiki ya tatu toka nianzishe uzi.

Fundi Kanda Mungu akuweke. Amenikalisha kwenye kigoda ofisini kwake, kaseti zote zimesafishwa, TRENI 1 imeungwa. Kweli pale London ipo ile yenye pua iliyochongoka na inalia kama alivyosema Mpenda Reli, baba anasema "sikia hiyo, sikia hiyo" kama mtoto. Mbili ambazo hazikuandikwa, moja ni tupu, nyingine ni chumba chake, kitanda, sufuria, dirisha lina theluji, dakika nne basi.

Sasa lile giza. Fundi alinivalisha zile spika za masikioni akapandisha sauti, ikasikika yote. Baba anasema: "Mama watoto, giza hili kama yale mahandaki ya Mlimba. Unakumbuka ulivyonishika mkono mpaka kucha zikaingia? Mimi nilinyamaza tu." Halafu anacheka peke yake, halafu mwanga unarudi, kondoo.

Kwa wasiojua, Tazara kati ya Mlimba na Makambako ndiko kwenye mahandaki mengi. Ndiko alikompeleka mama kumtambulisha kwao, kabla hatujazaliwa.

Nilimwekea mama jana baada ya magharibi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia rudisha. Nikarudisha. Akasema rudisha tena. Ya tatu akavua miwani akaiweka mapajani akaiambia tivii, "Muongo wewe. Nani alimshika mwenzake?"